Ndege ya mjomba wa mama mkwe haikurudi kutoka Nuremberg 1944: ilitunguliwa, iligongana, au waliuzwa?

Mama Zuri (Lincoln)
Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wajuzi wa Vita vya Pili. Nimeolewa huku Lincolnshire, na mama mkwe wangu alikuwa na mjomba, mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Waliruka jioni ya 30 Machi 1944 kwenda Nuremberg na hawakurudi. Jina lake na namba ya ndege siweki hapa, mama hataki. Mwenye nia ya kusaidia aje inboksi.

Tulipokuwa tunapanga vitu vya mama ahamie nyumba ndogo, tukakuta daftari la mjomba la safari za angani. Safari za mchana wino wa buluu, za usiku wino mwekundu, mwandiko wa kubana kama wa mtu anayeogopa karatasi itaisha. Mstari wa mwisho si mwandiko wake. Umetaja Nuremberg, na mbele yake kwamba hakurudi. Chini kuna muhuri wa ofisi: amedhaniwa kufa.

Ndani ya ndege walikuwa saba. Mmoja alipona akawa mateka. Wanne wana makaburi Durnbach, Ujerumani. Wawili, mjomba akiwa mmojawapo, hawana kaburi, wana majina tu kwenye mnara wa Runnymede, Uingereza, wa wanahewa wasio na kaburi. Iweje watu wa ndege moja waachane hivyo?

Na familia ina hadithi tatu. Padri wa kambi aliandika kwamba walitunguliwa na adui. Rafiki wa mjomba wa kikosi kilekile alimwambia bibi kwamba waligongana na ndege ya wenzao. Na babu mmoja wa mtaani alikufa akisema siri ya safari ilivuja, Wajerumani walikuwa wanawasubiri. Nishike ipi?

Nyundo ya Chuma
Nimekaa siti ya mbele. Kapteni yuko wapi?

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Nipo. Pole kwa familia, mama.

Kwanza ujue usiku huo ulikuwaje. Zilitumwa ndege 795: Lancaster 572, Halifax 214 na Mosquito 9. Hazikurudi 96, na ndio usiku mbaya kuliko wote kwa kikosi cha mabomu cha Uingereza katika vita nzima. Waliokufa walizidi 500.

Mwezi ulikuwa nusu na anga nyeupe. Mawingu yaliyotegemewa kuwaficha njiani hayakuwepo, yakaja kutanda juu ya Nuremberg kwenyewe ambako hawakuyataka. Baridi nayo ikafanya kila ndege iache michirizi myeupe nyuma yake, chini kuliko kawaida. Halafu njia: kutoka karibu na Charleroi, Ubelgiji, walipangiwa mstari mmoja ulionyooka wa kilomita zaidi ya 400 hadi kaskazini ya Nuremberg. Mstari huo ulipita jirani kabisa na minara miwili ya redio ambako ndege za kivita za Wajerumani zilikuwa zinakusanyika, mmoja waliuita Ida na wa pili Otto. Ndege nyingi zilianguka kabla ya kufika. Kwa hiyo padri hakukosea, lakini barua za mapadri ziliandikwa kufariji, hazikuwa ripoti ya uchunguzi.

Mzee wa Kijiwe
Kapteni kajijibu mwenyewe! Mwezi upo, njia imenyooka, Wajerumani wako palepale njiani. Halafu mnasema bahati mbaya? WALIUZWA. Hilo halina mjadala.

Binti Kisauni
Shikamoo Kapteni. Marekebisho madogo: ni 95, Lancaster 64 na Halifax 31. Hesabu hupishana kwa sababu nyingine zilifika Uingereza zikiwa mahututi zikaangukia huko, na kila mwandishi anazihesabu anavyotaka yeye.

Mama Zuri, usianze na nani aliwaua, anza na makaratasi. Mimi nilimtafutia mzee mmoja wa Kiingereza niliyekuwa namtunza, kwa hiyo njia naijua.

Tafuta kwa tarehe zote mbili, 30 na 31, maana waliondoka usiku na kifo mara nyingi huandikwa siku ya pili. Hapohapo Lincoln, juu ya kilima cha Canwick, kuna kituo cha kumbukumbu cha kikosi kizima cha mabomu cha Uingereza. Majina karibu 58,000 ya waliokufa yako kwenye kuta zake, na wana hifadhidata ya bure mtandaoni inayoeleza kila mtu na ndege yake. Ukitoka hapo nenda nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, London, fungu la AIR 27, ndiyo madaftari ya kila kikosi. Usitegemee maneno mengi. Kwa ndege isiyorudi utakuta saa ya kuruka, majina, na mstari kwamba haikusikika tena.

Swali langu kubwa: kati ya hao saba, kulikuwa na Mwaustralia?

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Marahaba binti. 95 ndiyo sahihi.

@Mzee wa Kijiwe, madai ya kuvuja kwa siri ni ya zamani, yamechunguzwa na hayajapata ushahidi. Hebu fikiria: kama Wajerumani wangejua mji wenyewe, ndege zao zote zingepelekwa Nuremberg. Badala yake walikuwa wanabahatisha njiani, na mtangazaji wao wa redio alichelewa kuujua mji unaolengwa. Rada zao ziliona kundi la ndege likivuka bahari, wakalifuata. Mwezi ukamaliza kazi.

Mzee wa Kijiwe
Ushahidi wa kuuzwa mtu huwa unaandikwa wapi, Kapteni? Nionyeshe risiti ya Yuda.

Nyundo ya Chuma
😂😂 Mzee leo umeamka nao.

Mama Zuri (Lincoln)
Asanteni sana. @Binti Kisauni, ndiyo, mpiga bunduki wa juu alikuwa Mwaustralia. Ni mmoja wa wale wanne wa Durnbach. Kwa nini?

Binti Kisauni
Umebahatika kuliko unavyofikiri. Nyaraka za taifa za Australia zina mafaili ya wanahewa wao waliopotea, fungu la A705, na mengi yamepigwa picha, unasoma bure hapohapo ulipo. Faili la mtu mmoja linabeba habari za ndege nzima: barua za wazazi, ushahidi wa waliopona, ripoti za walioenda Ujerumani baada ya vita kutafuta makaburi. Waingereza wamewahi kupata jibu la babu yao kwenye faili la mvulana wa Queensland. Tafuta kwa jina lake, sio la mjomba.

Mtoto wa Voi
Naomba niulize bila kumkera mtu. Babu yangu, kaka yake babu yangu mzaa baba, alikuwa askari wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Waliondoka Kilindini Februari 1944 kwa meli ya Khedive Ismail kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 ikawapiga karibu na Maldivi. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu 1,300. Huyo Mwingereza mmoja ana daftari, muhuri, faili Australia na ukuta Lincoln. Babu yetu ana nini? Bibi aliambiwa tu "amepotea baharini", basi.

Mama Zuri (Lincoln)
Hujanikera kaka. Hata mimi nilipoona lile daftari nilimuwaza babu yangu aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akarudi bila karatasi hata moja. Leta habari zake humuhumu, uzi ni wetu sote.

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
@Mtoto wa Voi, swali lako ni la haki, na Waingereza wenyewe wamelikiri kwa vita vya kwanza. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Lakini babu yako ni wa vita vya pili, na wa Khedive Ismail waliandikwa. Nenda makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, utafute mnara wa Afrika Mashariki.

Na hiyo meli ina ugomvi wake usiokwisha. Nyambizi ilijificha chini ya maji, na juu yake watu walikuwa wanaogelea wakisubiri kuokolewa. Manowari mbili, Paladin na Petard, zilikuwa na kazi ya kuisaka, na mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, yakatupwa watu wakiwa majini. Waliopona walibishana mpaka uzeeni kama kulikuwa na njia nyingine.

Mtoto wa Voi
Hiyo ya mabomu nyumbani hakuna aliyewahi kutuambia. Asante mzee.

Injinia Pemba
Turudi kwenye Lancaster. Mmeisahau silaha iliyoua wengi usiku ule, Schräge Musik. Ndege ya Kijerumani, Messerschmitt 110 au Junkers 88, ilifungwa mizinga miwili mgongoni iliyoelekea juu kwa mshazari. Rubani anakuja taratibu chini ya tumbo la Lancaster, mahali pasipo na bunduki wala dirisha, analenga tangi la mafuta kwenye bawa, kati ya injini mbili. Halengi tumbo, maana mabomu yakilipuka na yeye anakwenda nayo. Risasi hazina mwanga. Walio ndani hawaoni kitu, ghafla bawa linawaka.

Mpiga bunduki wa mkiani hata awe na macho ya kipanga, huyo hamwoni. Kwa hiyo mtu akisema "hatukuona adui yeyote", ndiyo hiyo.

Kibonge wa Tanga
Au ni ile rada ya mkiani ya Monica. Iliwekwa iwaonye wakifuatwa, kumbe Wajerumani walikuwa na kifaa kinachofuata mawimbi yake. Waingereza walishtuka Julai 1944, Junkers 88 ilipotua kwa makosa uwanja wa Woodbridge, Uingereza, ikiwa na kifaa chenyewe ndani.

Injinia Pemba
Kweli, lakini hizo hazipingani. Monica ndiyo iliyowaita, mizinga ndiyo iliyowaua.

Chief Mwembe
Kuna kingine. Wanahewa walisema Wajerumani walikuwa na mzinga maalumu unaolipua angani kitu kama ndege inayoungua, kuwatisha tu. Waliviita vinyago vya kutishia ndege shambani. Huenda hata huyo rafiki aliyesema waligongana aliona kinyago.

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Havikuwepo mkuu. Baada ya vita havikupatikana kwenye silaha wala kwenye nyaraka za Wajerumani. Walichokiona ni ndege za wenzao zikilipuka kweli. Hadithi iliachwa iendelee, maana kijana wa miaka 20 anaruka vizuri zaidi akiamini kile ni kiini macho.

Mama Zuri (Lincoln)
Wakuu, FAILI LIPO. @Binti Kisauni, Mungu akupe unachotaka. Kurasa nyingi, mume wangu kanisomea mpaka usiku. Nafupisha:

Aliyepona alikuwa mtupa mabomu, yule anayelala puani mwa ndege. Aliporudi kutoka kambi ya mateka mwaka 1945 alihojiwa. Anasema walikuwa bado hawajafika, mabomu yote yamo. Hakuona ndege wala risasi. Alisikia kishindo upande wa kulia, ndege ikatetemeka, bawa likashika moto. Rubani akasema rukeni. Alikuwa anahangaika na kifuniko cha sakafuni, na baada ya hapo hakumbuki. Alizinduka yuko hewani, akavuta kamba ya parachuti. Sauti ya mjomba aliisikia mara ya mwisho dakika chache kabla, akiomba rubani apunguze kuyumba.

Halafu kuna ripoti ya ofisa aliyekwenda kijijini mwaka 1947. Meya alimwambia ndege mbili ziliangukia msitu mmoja usiku ule, muda ukikaribiana, mabaki yamesambaa na kuchanganyika. Wanakijiji walizika walichokipata, wengine kwenye sanduku moja. Wanne walitambulika kwa vitambaa vya nguo na pete ya mmoja. Waliobaki, ofisa kaandika haiwezekani kuwatenganisha.

Chief Mwembe
Ndege mbili, msitu mmoja, muda mmoja. Wamegongana hao. Rafiki alisema kweli.

Injinia Pemba
Hapana Chief. Kishindo bawa la kulia, moto, halafu rubani anapata nafasi ya kutoa amri. Ndege zikigongana angani hupati muda wa kuongea. Huo ni mzinga wa chini, umepiga tangi.

Kibonge wa Tanga
Ndege zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine kwenye mstari uleule. Rubani mmoja wa Kijerumani, Martin Becker, alidai saba peke yake usiku ule. Kuangukia msitu mmoja si ushahidi wa kugongana.

Chief Mwembe
Na bawa kukwaruzwa na bawa lenzake je? Kishindo, kutetemeka, moto. Mtu aliyelala puani akiangalia chini atajua tofauti?

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Yote mawili yanabebeka. Msiisahau mizinga ya ardhini pia. Upepo ulitabiriwa vibaya, ndege nyingi zikapotea kaskazini ya njia, kama 120 zikapiga mji wa Schweinfurt zikidhani ni Nuremberg. Aliyepotea njia huweza kupita juu ya mji wenye mizinga bila kujua. Mama, faili linataja jina la kijiji? Ukiwa nalo, unaweza kulinganisha na madai ya marubani wa Kijerumani. Waliandika saa, kimo na eneo.

Mama Zuri (Lincoln)
Kinatajwa, nimekutumia inboksi.

Lakini jamani, kwa nini mjomba? Mkiani si ndiko mbali na moto?

Injinia Pemba
Mbali na moto, ndiyo, ila kwenye Lancaster wengi wao parachuti ilikuwa inaning'inia nje ya kibanda chao, ndani ya ndege. Afungue milango nyuma yake, aichukue, aifunge kifuani, azungushe kibanda pembeni, ajitupe kinyumenyume. Na kibanda kinazungushwa kwa nguvu ya injini. Injini ikikatika anazungusha kwa mkono. Lancaster ilikuwa ndege nzuri ya kubeba mabomu lakini mbaya ya kutokea. Freeman Dyson, aliyekuwa mtakwimu wa kikosi hichohicho cha mabomu, alisema kwenye Halifax iliyotunguliwa robo ya watu hupona, kwenye Lancaster 15 katika 100.

Nyundo ya Chuma
Kuna mmoja wa mkiani aliruka bila parachuti kutoka futi 18,000 akaangukia miti na theluji, akapona. Wiki ileile ya Machi 1944.

Mzee wa Kijiwe
Chai hiyo. Tena ya maziwa.

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Si chai. Nicholas Alkemade, kikosi cha 115, akirudi kutoka Berlin usiku wa 24 Machi. Parachuti yake ilikuwa inaungua, akaona bora aruke. Wajerumani hawakumwamini, wakaenda kwenye mabaki wakakuta parachuti imeungua kweli, ndipo wakakubali.

Mzee wa Kijiwe
Haya. Kwa hiyo la mtu kuanguka kutoka mawinguni mnaliamini, la kuuzwa hamliamini.

Msafiri wa Munich
Nimechelewa kuuona uzi. Durnbach iko kusini ya Munich, karibu na ziwa Tegernsee, mimi hupita huko. Waliozikwa pale wengi ni wanahewa waliokusanywa kutoka makaburi ya vijiji vya Bavaria, Hesse, Thuringia na kwingineko baada ya vita. Kuna mawe yasiyo na jina, yameandikwa tu mwanahewa wa vita vile na kwamba anajulikana na Mungu. Mama Zuri, ingia tovuti ya tume ya makaburi, fungua ukurasa wa mmoja wa wale wanne. Chini kabisa kuna picha za karatasi za kuhamisha maiti. Angalia namba za makaburi jirani. Wasiojulikana waliotoka kijiji kilekile mara nyingi wamelazwa mstari mmoja na wenzao.

Salma Mtwapa
Naogopa kulisema, lakini lisemwe. Wanahewa wengine walifika chini salama wakauawa na raia au polisi wenye hasira, wakafukiwa kimyakimya. Kesi zilifanyika baada ya vita. Mwenye kukosa kaburi peke yake huwa natia shaka.

Binti Kisauni
Yalitokea, Salma. Ila huyu hakukosa peke yake, ni wawili, na ofisa wa 1947 kaeleza kuhusu sanduku. Waliokuwa wanatumwa kutafuta walikuwa wanahoji vijiji hasa kwa ajili ya jambo hilo. Mama Zuri, umwambie mama mkwe au usimwambie, hilo mnajua nyinyi.

Mama Zuri (Lincoln)
Simwambii kitu kisicho na karatasi. La sanduku nimemwambia. Akauliza hiyo ndege ya pili ilikuwa ya nani.

Chief Mwembe
Mama mkwe ana akili kuliko sisi wote. Ndege ya pili ndiyo jibu! Ikiwa nayo ilikuwa Lancaster na ina mtu aliyepona, ushahidi wake utasema waligongana au la.

Kapteni Mstaafu (Morogoro)
Nimekiangalia kijiji. Kuna madai mawili ya marubani wa Kijerumani jirani na hapo kwa tofauti ya dakika chache, lakini eneo waliloandika ni mraba mpana, unaingiza vijiji vingi. Na mmoja wao anadai Halifax. Usiku, kwa mbali, zilikuwa zinachanganywa.

Injinia Pemba
Madai mawili, ndege mbili. Nimefunga kesi.

Chief Mwembe
Hujafunga. Ndege zikigongana, rubani wa tatu anayeziona zinaanguka naye anadai.

Kibonge wa Tanga
Tukiwa kwenye ndege: mnajua huku kwetu zilikuwepo? Catalina zilikuwa zinatua majini Kipevu, Mombasa, na kikosi cha 259 kilihamia Dar mwaka 1943. Catalina mbili, ya kikosi cha 259 na ya 265, ndizo zilizozamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska, Agosti 1943. Mwenye mzee wake aliyefanya kazi pale Kipevu afungue uzi, nitachangia.

Mtoto wa Voi
Wakuu, nimeingia tovuti ya tume ya makaburi. Nimeweka 12 Februari 1944 na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, majina yamemiminika. La babu silioni. Kuna moja linakaribia, herufi mbili zimepishana na jina la baba halipo.

Binti Kisauni
Karani aliandika alivyosikia, mdogo wangu. Achana na jina, tafuta namba yake ya jeshi. Nyumbani hakuna medali, barua ya malipo, hata kipande cha karatasi kwenye sanduku la bibi?

Mtoto wa Voi
Shangazi ana bahasha ya malipo ya bibi. Nimempigia, anasema iko Taveta kwa binamu. Jumamosi naenda.